Kuku wa Kishungi 'Bluu' Walinichoma Picha: Hesabu ya Rangi Unafaa Kujua Kabla Uchukue Doh ya Mtu

Mwaka jana nilimwita msee mkora kwa grupu ya WhatsApp ya wafugaji, watu zaidi ya 200 wakiangalia. Shida ni moja tu: hakuwa mkora. Mimi ndio sikuwa najua hesabu.

Stori iko hivi. Baada ya kuachana na mambo ya college, nilikuwa natafuta hasol ya kusaidia hii ya kuandika. Nikaona kuku wa mapambo wanalipa, haswa wale Polish, wenye manyoya yamesimama kichwani kama afro ya babu yako kwa zile picha za 1975. Nikanunua jogoo mmoja na matetea 2. Mwili rangi ya moshi, kishungi cheupe pe. Hao ndio wafugaji huita bluu.

Nikaweka mayai 14 kwa mashine. Kabla hata siku 21 ziishe, nilikuwa nishachukua pesa ya mathe mmoja kutoka Kiambu. Deal ilikuwa vifaranga 8, wote bluu.

Wakaanguliwa 11. Sita walikuwa rangi ya moshi. Watatu weusi tii. Wawili walikuwa weupe wa kupauka hivi, ni kama wameoshwa na jiki. Mathe akaangalia ndani ya katoni, akaniangalia mimi, akauliza, "Kijana, na hawa wengine ni wa nani?" Sikuwa na jibu. Nikamrudishia pesa yake yote, halafu nikaenda kwa grupu kumwaga hasira: eti nimeuziwa chotara.

Yule jamaa alinijibu kwa upole sana. "Kaka, uliomba bluu, nikakupa bluu. Bluu kwa bluu huzaa hivyo kila mahali duniani."

Nilikasirika. Halafu nikaenda kusoma, nikapata alikuwa anasema ukweli mtupu.

Bluu si rangi ya kujisimamia

Kila kuku ana nakala mbili za jeni ya rangi hii, moja ya baba na moja ya mama. Kazi ya jeni ya bluu ni kupunguza makali ya weusi. Kuku akiwa hana nakala yake hata moja, anabaki mweusi. Akiwa na nakala moja, weusi unafifia unakuwa rangi ya moshi, na hiyo ndiyo bluu. Akiwa na zote mbili, weusi unaisha karibu wote. Anabaki mweupe wa kupauka, na akiota manyoya unaona madoa ya kijivu hapa na pale. Huyo wafugaji humwita splashi.

Kwa hivyo bluu yuko katikati. Ana nakala moja ya bluu na moja ya kawaida, na akizaa anatoa moja tu kati ya hizo mbili, ni kama kurusha shilingi. Weka bluu wawili pamoja uone:

- Bluu kwa bluu: robo weusi, nusu bluu, robo splashi.
- Bluu kwa mweusi: nusu bluu, nusu weusi.
- Bluu kwa splashi: nusu bluu, nusu splashi.
- Mweusi kwa mweusi: wote weusi.
- Splashi kwa splashi: wote splashi.
- Mweusi kwa splashi: wote bluu. Wote!

Soma hiyo ya mwisho tena. Wale vifaranga mathe alikataa, weusi watatu na splashi wawili, ndio wangenipa kile mathe alikuwa anataka. Mimi nilikuwa nawaona kama takataka. Ukitaka bluu 100%, jogoo wako awe splashi na matetea wawe weusi, ama ugeuze. Unapata vifaranga wa bluu bila kufuga bluu hata mmoja.

Kumbuka pia hizo robo na nusu ni bahati, si ahadi. Kwa mayai machache unaweza kupata bluu 8 kwa 10, ama upate wawili tu. Ukiangua mamia ndio hesabu inaanza kukaa sawa.

Na hii si mambo ya jana. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Bateson na Reginald Punnett wa Cambridge, Uingereza, waliifanyia utafiti kwa kuku wa bluu wanaoitwa Andalusian. Bateson ndiye alileta jina la somo lenyewe, jenetiki, mwaka wa 1905. Yaani nilikuwa napiga kelele kwa grupu juu ya kitu watu walishajua zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kuna bluu na kuna lavenda

Hapa ndio wengi huingia boksi. Lavenda pia ni kijivu, lakini ni jeni tofauti kabisa. Hii hujificha: kuku mwenye nakala moja anakaa mweusi wa kawaida, na mpaka awe na mbili ndio unaiona. Uzuri wake ni kwamba lavenda kwa lavenda inazaa lavenda tupu, kizazi baada ya kizazi.

Utawatofautishaje? Lavenda ni kijivu nyepesi, na iko sawa kutoka shingo hadi mkia. Bluu huwa na sehemu zimekolea, haswa shingo na mgongo wa jogoo, na manyoya mengi yana ukingo mweusi kidogo. Msee akikuambia "bluu yangu huzaa bluu tupu," muulize kama ni lavenda. Kama si lavenda, hapo kuna kamchezo.

Kishungi nacho kina hesabu yake

Kuna wajanja hupandisha Polish na kienyeji ili wapate vifaranga wengi haraka. Kishungi kikubwa kinahitaji nakala mbili za jeni yake. Mtoto wa Polish na kienyeji asiye na kishungi anapata moja tu, so kishungi chake kinatoka kidogo, ni kama ameamka tu hajachana. Na rangi ndio usiseme, kwa sababu kienyeji amebeba rangi nyingi zimejificha ndani.

Polish halisi hata akiwa wa siku moja ana kinundu juu ya kichwa, kwa sababu fuvu lake limeinuka hapo. Usinunue kifaranga wa kichwa bapa ukiambiwa "kishungi kitakuja." Lakini pia hicho kinundu ni mahali laini, so usichanganye hao watoto na kuku wakubwa wa kudonoa.

Na kama kishungi ni cheupe lakini kuna manyoya machache meusi mbele, juu ya mdomo, usishtuke. Kwa Polish wa kishungi cheupe hiyo ni kawaida.

Kabla ukusanye mayai

Kosa langu lingine: matetea wangu walikuwa wameishi na majogoo wengine kabla niwanunue. Tetea anaweza kuweka mbegu za jogoo mwilini wiki mbili, hata tatu. Ukibadilisha jogoo leo, mayai ya kesho yanaweza kuwa ya yule wa zamani. Watenge wiki 3 kwanza, halafu umweke jogoo unayemtaka.

Andika kila yai kwa penseli limetoka banda gani. Vifaranga wakitoka, wavishe pete za rangi miguuni na uweke rekodi kwa daftari. Usirudie kupandisha ndugu kwa ndugu kila msimu, maana mayai yataanza kukataa kuanguliwa. Na usichague rangi peke yake. Kuku wa rangi kali lakini mgonjwa-mgonjwa ni hasara tu.

Mwambie mnunuzi mapema

Sai kabla nichukue shilingi ya mtu, namwambia wazazi ni rangi gani na vifaranga wanaweza kutoka rangi gani. Kama banda ni la bluu kwa bluu, anajua atapata mchanganyiko. Kama anataka bluu tupu, anangoja wale wa mweusi na splashi. Kuna wenye huenda kwingine. Wenye hubaki huwa hawarudi na malalamishi.

Yule jamaa wa grupu nilimwomba msamaha palepale nilipomtukania, watu wote wakiona. Akanitumia kaemoji ka kucheka, halafu akaniuliza kama bado niko na wale splashi wawili, juu alikuwa anawatafuta.

Sikumuuzia. Kwa hesabu hii, hao ndio walikuwa kuku wa maana zaidi kwa banda yangu.