Je, Wajua? Mfuko Ukitoboka, Mbwa na Paka Nao Huumia

Je, wajua kwamba mtikisiko wa uchumi wa 2008 uliwatoa mbwa na paka majumbani Marekani? Walioshindwa kulipa mikopo walinyang'anywa nyumba na benki, wakahamia za kupanga ambako wenye nyumba wengi hawataki wanyama. Madalali waliokwenda kukagua nyumba zilizoachwa walikuta mbwa wamefungiwa ndani, bila chakula wala maji.

Je, wajua kwamba mapema 2009 ASPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoanzishwa New York mwaka 1866, kilikadiria kuwa mbwa na paka kati ya 500,000 na milioni 1 walikuwa hatarini kukosa makao kwa sababu ya hali hiyo?

Je, wajua kwamba huko Ireland walioumia zaidi walikuwa farasi? Neema ilipokuwapo, wengi waliwanunua. Uchumi ulipoanguka bei nazo zikaporomoka, na farasi wengi wakatelekezwa kandokando ya barabara.

Je, wajua kwamba kituo cha wanyama kinaweza kufurika hata kama wanaoletwa hawajaongezeka? Kikipokea wanyama 5 kwa siku, na kila mmoja akakaa siku 20 kabla ya kupata mlezi, kinahitaji nafasi 100. Walezi wakiadimika na kila mnyama akakaa siku 40, zinahitajika nafasi 200.

Je, wajua kwa nini mbwa wakubwa husubiri zaidi? Wanakula sana, dawa zao nyingi hupimwa kwa uzito, na wenye nyumba huwakataa kwanza.

Je, wajua kwamba kuhasi ni miongoni mwa gharama ambazo watu huahirisha pesa zikipungua? Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na huibeba kwa takriban miezi miwili. Ugumu wa mwaka huu huwa vitoto vya paka mitaani mwakani.

Je, wajua kwamba Maria Dickin alifungua zahanati ya bure kwa wanyama wa maskini wa Whitechapel, London, mwaka 1917, vita vikiendelea? Ndiyo iliyozaa PDSA, shirika linalotibu wanyama Uingereza hadi leo.

Je, wajua kwamba Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1? Vituo vya huko viligawa chakula cha mbwa na paka kwa familia zilizobanwa, ili wanyama wasalie nyumbani kwao.

Hapo ndipo penye dawa. Wengi wanaomkabidhi mnyama wao kituoni wanampenda, ila wameishiwa. Ukimwona jirani yako amekwama, mchangie chakula au chanjo mapema. Ni nafuu kuliko kumtafutia mnyama huyo makao mapya, na familia haitalazimika kumpoteza.