Sumu ndani ya Mzigo wa Majani

Sheria ya Burundi ya tarehe 4 Oktoba 2018, iliyowapa wafugaji miaka 3 ya kujiandaa, ilikataza mifugo kuzurura ikaagiza ilishwe zizini. Tangu hapo, Kabezi na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge, mwenye ng'ombe hukata majani kandokando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, akayafunga mzigo na kujitwika. Ng'ombe hachagui tena. Malishoni, aliyezoea eneo hukipita kichaka cha lantana. Horini, majani yakiwa yamechanganyika naye ana njaa, hufagia yote. Kwa hiyo jukumu la kuitambua sumu limehamia kwa mkata majani, na mara nyingi huyo ni mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha.

Lantana ni kile kichaka chenye majani ya kukwaruza na vishada vya maua ya waridi, manjano na machungwa. Sumu yake huanzia kwenye ini: nyongo inakwama, macho yanageuka manjano, ngozi ya pua na kiwele inababuka kwa jua. Tumbo la kwanza nalo linasimama. Hapo ndipo pabaya, kwa sababu majani yaliyolala tumboni huendelea kutoa sumu siku kadhaa baada ya ng'ombe kuacha kula, na vijimirija vya figo vinakufa. Kuikausha lantana hakuiondolei sumu.

Nguruwe hudhuriwa zaidi na mchicha pori. Mtu anapalilia maharage, magugu yote yanakwenda bandani. Baada ya siku 5 hadi 10 mnyama anatetemeka, miguu ya nyuma inalegea, anaanguka. Akipasuliwa, figo zinakutwa zimezungukwa na majimaji, pengine yenye damu.

Figo huficha ugonjwa wake. Uchafu huanza kujilimbikiza katika damu pale takriban robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea. Na katika nchi hii ya kupe, macho ya manjano na mkojo mweusi hufikiriwa kuwa ugonjwa wa kupe, ng'ombe akachomwa sindano bila damu yake kupimwa. Baadhi ya dawa za sindano, gentamisini mojawapo, nazo huumiza figo.

Ukishuku lantana, ondoa majani yote horini, mfunge ng'ombe kivulini, mpe maji, umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, si kesho. Mkaa tiba, ule wa dawa na si wa jikoni, hunasa sumu ikiwa bado tumboni. Ng'ombe aliyelala usimnyweshe kitu kwa nguvu, kitaingia mapafuni. Mwekee daktari tawi la kila mmea uliokuwamo mzigoni, maua yakiwemo, na umwambie ulikatwa wapi.

Kwa wenye mifugo ambayo haijaugua: mzigo ukifika, umwageni chini na kuuchambua kabla haujaingia horini. Anayekata aonyeshwe lantana kwa macho, shambani, akiwa na mundu mkononi.