Jicho la zimwi: cha kuogopa ni kipi hasa?

Unataka kuwatisha watoto kidogo, wacheke, halafu wale? Chemsha mayai dakika 15 hivi, kisha yaache yapoe kwenye maji yale yale ya moto. Yakate katikati: kiini cha njano kimezungukwa na duara la kijani-kijivu. Hilo ndo jicho la zimwi! Nyunyiza chumvi.

Rangi hiyo imetoka wapi? Joto likizidi, salfa ya kwenye ute mweupe inakutana na madini ya chuma ya kwenye kiini, vinaungana. Yai halijaoza wala halina sumu.

Bado mboni. Huku Tabora karanga hazikosekani jikoni, kwa hiyo mkono utakimbilia huko. Ngoja kwanza. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, karanga nzima ndiyo hatari ya kweli: bado hatafuni vizuri, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Akicheka huku anakula, punje inaweza kuteleza ikaziba pumzi.

Kama hana mzio wa karanga, tumia zilizosagwa laini. Paka tone moja dogo katikati ya kiini, akae chini, ale taratibu.