Kambi ya Farasi Katika Misitu ya Milimani

Wengi wetu tunamjua farasi kwa kumsoma tu. Tumesoma habari za Farao na farasi zake na magari yake, lakini ni wachache kati yetu waliopata kushika hatamu, au kusikia pumzi za farasi karibu na sikio usiku. Sababu si umaskini peke yake. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki yako magonjwa mawili yamwuayo farasi upesi. La kwanza ni nagana, iletwayo na mbung'o. La pili huletwa na usubi, wadudu walio wadogo kuliko mbu, ambao huuma sana tangu magharibi hata alfajiri. Punda huyavumilia magonjwa hayo kuliko farasi, ndiyo maana mnyama wetu wa mizigo ni punda.

Lakini ziko nchi za milima na misitu ambako watu husafiri na farasi siku nyingi, wakilala porini pamoja nao. Nimezisoma habari hizo kwa bidii, maana nimeona ndani yake fundisho litufaalo sisi wenye punda, na sisi tukaao milimani penye msitu na chemchemi. Leo nitawaeleza habari za pori moja la Marekani.

Pori la Montana

Katika jimbo la Montana, upande wa kaskazini wa Marekani, mpakani mwa Kanada, inapita Milima ya Rocky. Huko liko pori liitwalo Bob Marshall, kwa jina la bwana mmoja mtaalamu wa misitu, aliyefariki mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 38. Huyu alikuwa hodari wa kutembea kwa miguu, hata maili 30 na zaidi kwa siku moja, naye aliwasihi sana watu wa nchi yake waache sehemu za misitu zikae kama zilivyoumbwa. Mwaka 1940 pori hilo lilitengwa na kupewa jina lake, na mwaka 1964 ikatungwa sheria ya kulilinda pamoja na mapori mengine ya namna hiyo. Ukubwa wake ni ekari kama milioni moja. Ndani yake hamna barabara. Gari haliruhusiwi kuingia, wala pikipiki, wala hata baiskeli. Atakaye kuingia, na aingie kwa miguu yake au juu ya mnyama.

Basi watu wapendao kukaa huko siku nane au kumi huchukua farasi wa kupanda, na nyumbu wa kubeba mizigo. Nisemapo nyumbu sina maana ya yule mnyama wa mbugani. Nasema yule ambaye watu wa pwani humwita baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Yeye hana uzao, lakini ana nguvu ya mama yake na uvumilivu wa baba yake, na kwato zake ndogo hukanyaga vizuri penye mawe.

Nyumbu mmoja hubebeshwa ratili 150 hivi. Tandiko lake la mizigo huwa na misalaba miwili ya mbao, mmoja mbele na mmoja nyuma, au pete mbili za chuma, na mizigo huning'inizwa hapo huku na huku, kama shogi la punda. Mtu ajuaye kazi hii hapakii kwa kukisia. Hupima kila upande kwa mizani, kwa kuwa upande mmoja ukizidi hata kidogo, tandiko hupinda njiani na kusugua mgongo, na kabla ya jua kuchwa ngozi imechubuka.

Nyumbu hufungwa mmoja nyuma ya mwingine, wakaenda kwa mstari. Na hapa pana jambo lililonishangaza. Kamba iungayo nyumbu na nyumbu haifungwi moja kwa moja, bali katikati hutiwa kipande cha uzi dhaifu. Nalijiuliza, kwa nini watu wenye akili watumie uzi dhaifu katika njia ya hatari? Jawabu ni hili: njia hupita kando ya magenge, na nyumbu mmoja akiteleza akaanguka, uzi ule hukatika, wenzake wakabaki salama. Kama kamba ingekuwa ngumu, mmoja angewavuta wote chini.

Jioni kambini

Wafikapo mahali pa kulala, watu wamechoka na njaa inawauma. Lakini desturi njema ya safari ile ni kwamba hakuna awashaye moto wa chakula chake kabla ya kumshughulikia mnyama. Kwanza mizigo hushushwa. Kisha mishipi ya tumbo hulegezwa na matandiko kuondolewa, na mwenye mnyama hupitisha kiganja chake mgongoni polepole, akitafuta joto, uvimbe au mahali panapomfanya mnyama astuke. Halafu huinua kwato moja moja akatoa mawe yaliyonasa. Ndipo humpeleka kunywa. Farasi mmoja huweza kunywa lita 20 hata 40 kwa siku.

Baada ya mnyama ni zamu ya msitu. Farasi hafungwi kwenye mti usiku kucha. Akifungwa hivyo, huparapara kwa kwato mpaka mizizi ikawa wazi, tena huguguna gome, na mti uliokua miaka mia huanza kufa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo hutanda kamba ndefu juu ya vichwa, kutoka mti mmoja hadi mwingine, na farasi hufungwa kwenye kamba hiyo katikati, mbali na mashina. Na pale kamba ishikapo mti, hutiwa mkanda mpana ili gome lisikatwe. Kambi na wanyama huwekwa mbali na maji, futi 200, yaani kama hatua 70 au 80, ili mavi na mikojo isiingie katika kijito kinywewacho na walio chini.

Tena farasi hali kila kitu. Tumbo lake ni dhaifu kuliko umbo lake, kwa maana hawezi kutapika. Akila kilichooza, hakirudi, naye aweza kufa. Majani makavu anayopelekewa porini lazima yawe yamekaguliwa yasiwe na mbegu za magugu, kwa kuwa mbegu hupita tumboni mwake zikiwa hai, zikaota pale atakapoacha mavi. Hivyo farasi mmoja aliyelishwa ovyo aweza kuleta gugu la kigeni katika bonde ambalo halikuwa na gugu hilo tangu kuumbwa.

Usiku farasi jike hufungwa, na nyumbu wengine huachwa walishe. Nyumbu humpenda sana farasi jike, hawaendi mbali naye, na yeye huvikwa kengele shingoni ili mwenye kambi amsikie gizani. Vyakula vyote hutundikwa juu ya mti, futi 10 kutoka chini na futi 4 kutoka kwenye shina, kwa ajili ya dubu. Hata nafaka ya farasi hutundikwa, maana dubu hachagui kati ya chakula cha mtu na cha mnyama. Na dubu aliyezoea chakula cha kambi hurudi kambini, mwisho akapigwa risasi kwa kosa la mtu mvivu.

Wakati wa kuondoka, mwenye kambi hutawanya mavi, hufukia mashimo ya kwato, na moto huumwagia maji, akaukoroga, akayashika majivu kwa mkono wake mwenyewe mpaka yawe baridi. Kwa nini wajisumbue hivyo kwa ajili ya majivu? Wanayo sababu.

Moto wa mwaka 1910

Kiangazi cha mwaka 1910 kilikuwa kikavu sana katika milima ya Idaho na Montana, na mioto midogo mingi ilikuwa ikiwaka huku na huku. Tarehe 20 Agosti ukavuma upepo mkali, mioto ile ikaungana. Kwa siku mbili ziliteketea ekari kama milioni tatu, na watu wapatao 85 wakafa, wengi wao wakiwa ni wale waliotumwa kuuzima.

Karibu na mji wa Wallace alikuwako mlinzi wa msitu jina lake Edward Pulaski, pamoja na watu zaidi ya 40. Moto uliwazunguka. Yeye aliijua nchi ile, akawaongoza katika moshi hata wakafika kwenye shimo la kale la wachimba madini, wakaingia, na farasi wawili pamoja nao. Akawaamuru walale kifudifudi, naye akasimama mlangoni akitundika mablanketi yaliyoloweshwa maji. Wengine walishikwa na hofu wakataka kutoka nje, akawazuia kwa bastola, maana aliyetoka angekufa. Mwisho wote wakazimia kwa moshi, na yeye pia. Walipozinduka alfajiri, watu watano hawakuamka tena, na wale farasi wawili hawakupona. Pulaski mwenyewe aliumia macho na mapafu, lakini wengi waliomfuata waliokoka.

Nimewafikiri sana farasi wale wawili. Hawakujua habari za moto ule, wala hawakuulizwa shauri. Waliingia shimoni kwa sababu aliyeshika hatamu aliingia.

Baada ya msiba ule serikali ilikaza nia ya kupigana na moto msituni. Mwaka 1930 ilifungua kituo mahali paitwapo Ninemile, karibu na mji wa Missoula, cha kuweka farasi na nyumbu wa kuwabebea wazima-moto mashoka, majembe na vyakula. Kituo kile kilifungwa mwaka 1953, kwa kuwa ndege na barabara zilikuwa zimeichukua kazi yake. Lakini penye msitu usio na barabara, nyumbu hubeba hata leo.

Punda wa baba yangu

Sasa nirudi nyumbani. Nalipokuwa kijana wa miaka 15, baba alinituma kupeleka mahindi sokoni kwa punda wetu. Nalikuwa na haraka, maana rafiki zangu walikuwa wakiningoja. Nikatupa gunia la kutandika mgongoni bila kulikung'uta wala kulinyosha, nikafunga mizigo, upande mmoja mzito kuliko wa pili. Tulipofika kwenye mteremko punda akasimama. Nikampiga. Akaenda kidogo, akasimama tena, nikampiga tena. Mara ya tatu akapiga magoti njiani.

Mzee mmoja aliyekuwa akipanda kutoka bondeni alitutazama, asiseme neno. Akafungua kamba, akaushusha mzigo, akapitisha kiganja chini ya gunia, kisha akanionyesha. Kiganja kilikuwa na damu. Akaniambia, “Mwanangu, amekuambia mara tatu.”

Baba aliposikia hakunipiga. Alisema tu kwamba punda atapumzika mpaka kidonda kipone, na mahindi yatakwenda sokoni kwa kichwa changu. Kidonda kilichukua majuma matano. Katika majuma yale naliisoma habari ya Balaamu na punda wake kwa njia ambayo sikupata kuisoma darasani. Balaamu naye alimpiga mara tatu mnyama aliyekuwa akimwokoa, na aliyefumbuliwa macho mwisho ni Balaamu.

Ndugu zangu, hatuna farasi, wala hatuendi kulala katika Milima ya Rocky. Lakini jioni tunafika nyumbani na punda aliyechoka, na nyuma ya nyumba zetu upo msitu ulindao maji yetu. Hao wawili hawana kinywa cha kutushitaki barazani. Tunaweza kuwatendea vibaya miaka mingi, na asiwepo mtu wa kutuuliza. Lakini yuko aonaye.

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba, na vijana hasa mnaotumwa na wanyama: nyosheni tandiko kabla ya kufunga. Sawazisheni mizigo pande zote mbili. Mfikapo, pitisheni kiganja mgongoni kabla ya kunawa kwa ajili ya chakula. Msimfunge punda kwenye mti mchanga usiku kucha, wala msimnyweshe ndani ya chemchemi, bali choteni maji mkamletee. Na mkiwasha moto shambani au msituni, msiuache mpaka mmeshika majivu yake kwa mkono.

Kazi hizi zote hazizidi robo ya saa. Baba yangu alizifanya kila jioni mpaka uzee wake, na alipokuwa hawezi kuinama tena, alinyosha mkono akiwa ameketi kitini, na punda akaja mwenyewe kuuleta mgongo wake.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu, na vyote mlivyokabidhiwa.