Kwa nini maji ya bomba huwaua samaki wa Ziwa Tanganyika

Kwa miongo kadhaa sasa, samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakivuliwa hai na kusafirishwa hadi kwa wafugaji wa majumbani, hasa Ulaya na Marekani. Wengi ni siklidi, jamii yenye spishi zaidi ya 200 ziwani humo, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Hata hivyo, samaki aliyestahimili safari ndefu ndani ya mfuko wa plastiki aweza kufa siku chache baada ya kutiwa katika tangi la kioo sebuleni. Mara nyingi kinachomuua si ugonjwa, ni maji.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita hakimdhuru binadamu, bali huyaunguza mashavu ambayo samaki huyatumia kupumua. Ndiyo maana hata Kigoma na Bujumbura, miji inayochota maji yake ziwani, maji yanayotoka bombani si yale ya ziwani tena. Yakiachwa katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 hadi 48, klorini hutoka. Ila penye kutumika kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, kungoja hakutoshi. Hutiwa sodiamu thiosulfati, nayo huondoa klorini na kuiacha amonia majini.

Amonia hiyo ndiyo adui mkubwa zaidi. Samaki mwenyewe huitoa mwilini, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Bakteria wanaoishi katika kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha wengine huifanya nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kustawi. Anayenunua tangi na samaki siku moja hajawapa nafasi.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari huzidi, kwani maji ya ziwa lao yana pH inayokaribia 9. Katika nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali iliyo sumu kali. pH ikifika 9, sehemu hiyo hupita theluthi. Kuishusha pH kwa siki, kama wengine wafanyavyo, ni kuwaondoa samaki katika maji waliyozoea.

Lililo salama ni kubadilisha robo ya maji kila wiki, wala si yote, kwa maji yaliyokwisha kutolewa klorini na yenye joto sawa na yale ya tangini. Sifongo ya kichujio nayo isioshwe bombani. Hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu klorini huweza kuwaua bakteria waliosubiriwa mwezi mzima.