Kauli ya Kutendeka na Usanifu wa Vitu kwa Watu Wote

Mtu aketiye katika kiti cha magurudumu afikapo mbele ya nyumba yenye vidaraja vitatu mlangoni, Mswahili aweza kulieleza jambo hilo kwa sentensi mbili, na zote mbili ni sahihi. Aweza kusema, "Mtu huyu hawezi kuingia." Aweza pia kusema, "Nyumba hii haiingiliki." Katika sentensi ya kwanza kiima ni mtu, na upungufu umewekwa juu yake. Katika ya pili kiima ni nyumba, na upungufu ni wa nyumba. Makala haya yakusudia kuonyesha jinsi tofauti hiyo ndogo ya sarufi inavyobeba fikra kubwa katika elimu ya usanifu, na kwa nini wafasiri na watunzi wa istilahi hawana budi kuiangalia.

Fikra yenyewe yaitwa usanifu kwa wote. Aliyeitangaza kwa jina hilo ni Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani, katika mwaka wa 1985. Mace alipatwa na polio utotoni, akawa mtu wa kiti cha magurudumu; na alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa akibebwa kupandishwa ngazi ili afike darasani. Alilotaka yeye si kwamba pawe na mlango maalumu wa nyuma kwa watu wa hali yake, bali kwamba mlango mmoja uleule umfae kila mtu. Mwaka wa 1997 yeye na wenzake katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina walitoa kanuni saba za usanifu huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka wa 2006, nao waueleza kuwa ni usanifu wa vitu, mahali na huduma zifaazo watu wote kwa kadiri kubwa iwezekanavyo, pasipo haja ya kuvigeuza kwa ajili ya watu fulani. Wala haukatazi vyombo vya kuwasaidia wale wanaovihitaji.

Kanuni zile saba zikitazamwa kwa jicho la mwanasarufi, kiima cha kila moja chaonekana kuwa ni kitu, wala si mtu. Kitu na kitumike kwa usawa, kitumike kwa njia zaidi ya moja, kieleweke upesi, habari zake zipatikane kwa macho, kwa masikio au kwa kugusa, kosa la mtumiaji lisilete madhara, kitumike bila nguvu nyingi, na pawepo nafasi ya kukifikia na kukishika. Kitasa cha mviringo, mathalani, hakizungushiki kwa mkono wenye baridi yabisi, ambapo kitasa cha mkono mrefu hushushwa hata kwa kiwiko, naye mchukuzi aliyebeba mizigo mikono miwili hufaidi vilevile. Wala kuingilika si jambo la maneno tu, maana lapimika. Kanuni za Marekani zataka mteremko usiozidi kipimo kimoja cha kimo kwa vipimo kumi na viwili vya urefu. Vidaraja vitatu vya sentimita 15 kila kimoja vyahitaji mteremko wa mita 5 na sentimita 40.

Basi yaweza kudhaniwa kwamba kauli ya kutendeka yatosha. Hasha. Kauli hii ina ila yake, nayo yajulikana sana na wanafunzi wa sarufi: haimtaji mtenda. Husemwa, "Kikombe kimevunjwa na mtoto," lakini haisemwi, "Kikombe kimevunjika na mtoto." Asemaye, "Njia hii yapitika," ameisifu njia, ila amemficha mpitaji, na aghalabu mpitaji aliyefichwa ni msemaji mwenyewe, mwenye miguu mizima na macho yaonayo.

Mfano wa jambo hili ni ukingo wa njia ya miguu kando ya barabara. Ukingo ukishushwa hadi usawa wa barabara, njia yapitika kwa kiti cha magurudumu, kwa kigari cha mtoto na kwa mkokoteni. Lakini kipofu aliyekuwa akiutambua ukingo kwa fimbo yake amenyang'anywa alama, naye aweza kuingia barabarani bila kujua. Dawa yake ni vigae vyenye vinundu visomekavyo kwa nyayo na kwa fimbo. Vigae hivyo vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka wa 1965, vikawekwa barabarani mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka wa 1967. Kwa hiyo kila neno la -ika katika kanuni ya ujenzi lahitaji kuulizwa: kwa nani?

Hapa ndipo istilahi zinapohusika. Dhana ya mahali kufikika yatajwa siku hizi kwa majina mawili, ufikiaji na ufikivu. Ufikiaji ni tendo la mtu afikiaye. Laweka mzigo palepale palipokuwapo mwanzo. Ufikivu una utata. Kiambishi chake huweza kuonyesha hali ya kitu, kama katika ukamilifu. Lakini msikivu ni mtu asikiaye vema, wala si mtu asikikaye. Lugha ina njia iliyo wazi zaidi, nayo imekwisha kuzoeleka: upataji ni wa mtu, upatikanaji ni wa kitu. Kwa kanuni iyo hiyo ufikiaji ni wa mtu, na ufikikaji ni wa mahali.

Huenda mtu akaona kwamba huu ni ugomvi wa silabi moja. Lakini sheria husomwa kwa maneno yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2010, na kanuni za namna hiyo hazina budi kuelezwa kwa Kiswahili kwa mafundi, wenye nyumba na wakuu wa shule. Kanuni isemapo kwamba mwanafunzi asaidiwe kufika darasani, vijana wawili wa kumbeba ngazini wameitimiza, na Mace angebebwa hata leo. Isemapo kwamba darasa lifikike kwa kila mwanafunzi, kwa kiti, kwa fimbo na kwa miguu, vijana wale hawatoshi. Ni lazima jengo lirekebishwe.