Mwanafunzi Asiyejibiwa

Huenda nyumbani kwako yumo kijana anayesomea shahada ya pili au ya tatu. Machoni pa wengi ana bahati: kazi yake ni vitabu, na jua halimchomi. Mbona basi usiku halali?

Tumchukue mwanafunzi wa mambo ya kale anayefanya utafiti wake Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wenzake amewaacha Dar es Salaam, kilometa zipatazo 300. Mchana hupima kuta. Usiku huandika sura ya tasnifu na kumpelekea msimamizi wake. Majuma yapita, jibu halipo. Huanza kujiuliza: Nimekosea wapi? Au mimi si mtu wa kusoma?

Zamani lawama ingeiangukia njia, maana kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Leo maandishi hufika kwa simu kufumba na kufumbua. Ukimya huo, basi, hautokani na umbali.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 3,659 wa shahada ya uzamivu katika jimbo la Flanders. Katika kila 100, wapatao 32 walikuwa katika hatari ya kupata maradhi ya akili, hasa sonona. Waliokuwa na msimamizi mwenye kuwatia moyo walikuwa na nafuu.

Mtazame fundi wa mashua huko pwani. Mwanagenzi akipigilia msumari vibaya, fundi humwambia papo hapo. Karipio huuma, lakini mwanagenzi hulala akijua alipokosea. Msimamizi naye na ataje siku ya kujibu, na aitimize. Sura ikiwa mbovu, aonyeshe ubovu ulipo na pa kuanzia.

Nanyi wazazi, msimwulize kila siku, "Utamaliza lini?" Mwulizeni kama amelala, kama amekula. Akikosa usingizi kwa majuma, akikataa chakula, au akisema maisha hayana maana, mpelekeni hospitali bila kuona haya, kama mnavyompeleka mwenye homa. Shahada yaweza kungoja mwaka mwingine. Mtoto hana wa badala yake.